Fundi aliyeficha ufundi, na mlima unaoitwa Shuka

Saa moja asubuhi, na jua la Dodoma limeshaanza kuchoma shingo. Chini ya kilima cha Ntyuka, nje kidogo ya mji, Zablon Chilongani anafunga viroba viwili vya mchanga kwenye siti ya pikipiki ndogo yenye injini ya cc 125. Kila kiroba kina kilo sitini. Cha mbele anakiita mjamzito. Cha nyuma anakiita mshikaji, yaani mwanamke anayekaa nyuma ya mgonjwa kumzuia asianguke.

Anawasha. Anapanda kwa gia ya kwanza, magurudumu yakirusha kokoto. Katikati ya mwinuko injini inaanza kukoroma na kuishiwa nguvu, kama ambavyo injini ndogo yoyote ingefanya. Zablon anabonyeza kitufe kilichofungwa karibu na honi. Pikipiki inajirusha mbele kana kwamba kuna mtu kaisukuma kwa nyuma.

Juu ya kilima anazima. Hashangilii. Anafungua plagi, anaigeuza kwenye mwanga na kuitazama rangi yake kwa muda mrefu.

"Kahawia," anasema. "Kahawia ndiyo afya. Ingekuwa nyeupe, huo ni msiba."

Ni mara ya kumi na tisa wiki hii.

Zablon ana miaka 38 na hajiandai kwa mashindano yoyote. Mdogo wake wa kike, Erica, anatarajia kujifungua mwanzoni mwa Desemba. Erica anaishi Isusu, kitongoji kilicho bondeni nyuma ya milima ya Kibakwe, wilayani Mpwapwa. Kati ya nyumba yake na kituo cha afya cha Kibakwe kuna mlima. Desemba mvua zitakuwa zimeanza. Na mwanamke wa mwisho kupandishwa mlima huo kwa mtambo wa gesi wa Zablon, ule wenye kitufe, alifika juu akiwa amebebwa kwenye blanketi, mtoto wake akiwa ameshafariki tumboni.

Mlima wenyewe una jina lake la zamani, lakini wakazi wanauita Shuka, kwa sababu ndilo neno ambalo kila dereva wa bodaboda humwambia abiria akifika pale. Abiria anashuka, anatembea. Mwenye gunia la maharage anajitwisha. Dereva anabaki na pikipiki tupu, naye anapanda kwa shida.

Sehemu mbaya ni mita mia nne hivi. Gari haliipiti. Linazunguka upande wa pili kwa kilomita 46, na hilo ni wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, korongo linajaa na gari halizunguki tena.

"Nilikuwa nikirudi nyumbani Krismasi, wananicheka," anasimulia Zablon. "Wananiambia, fundi wa mjini, pikipiki zako zinapandwa na mlima. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Lakini unalala na hilo neno."

Aliondoka Isusu akiwa na miaka 17, baada ya darasa la saba, na kujifunza ufundi kwa kuosha vyuma vya mafundi wengine. Leo ana kibanda chake cha bati mtaa wa Chang'ombe, mjini Dodoma. Siku nzuri anapata shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya anarudi nyumbani kwa mkewe na watoto watatu akiwa na mikono michafu tu.

Wazo la gesi lilitoka jikoni. Miaka miwili iliyopita alikuwa akitengeneza pikipiki ya Khairat, mpishi wa keki za harusi eneo la Majengo. Kwenye kikapu cha pikipiki hiyo akaona chupa ya chuma.

"Akaniuliza, dada Khairat, hii nini? Nikamwambia ni gesi ya kupulizia krimu," anasema Khairat. "Akasoma maandishi yote, mpaka nikamwambia, fundi, hiyo siyo msahafu, nirudishie."

Maandishi yalisema ni nitrasi oksaidi. Zablon alilijua jina hilo. Alikuwa ameona kwenye simu video za watu wa nchi za mbali wakiiingiza kwenye injini za magari ya mashindano. Gesi hiyo inaipa injini hewa zaidi ya kuunguzia petroli, na injini inapata nguvu kwa muda mfupi. Muda mfupi ndio aliokuwa akiutafuta. Mita mia nne za Shuka kwa pikipiki iliyobeba watu watatu ni dakika moja na kidogo.

Ilimchukua miezi minane. Chupa za Khairat zilikuwa zinaagizwa Dar es Salaam, na moja kubwa ilimgharimu shilingi laki moja na ishirini, fedha ambayo mkewe alidhani ni ya ada. Mpira alitumia wa breki. Vali alitoa kwenye mashine ya maji iliyokufa. Chupa aliivika gunia lililoloweshwa maji, kwa kuwa gesi hiyo ikipata joto la jua la Dodoma inaweza kupasua chuma. Aliunguza injini mbili kuukuu za majaribio kabla ya kujua kosa lake.

Kosa lilikuwa hili. Ukiongeza gesi bila kuongeza petroli, moto ndani ya injini unakuwa mkali kupita kiasi, plagi inageuka nyeupe na pistoni inayeyuka. Kwa hiyo alibadilisha jeti, kile kimsumari cha shaba chenye tundu dogo ndani ya kabureta kinachopitisha petroli. Akaweka yenye tundu kubwa. Injini ya tatu haikuungua.

Desemba iliyopita aliupeleka mtambo Isusu na kuufunga kwenye pikipiki ya Meshack, dereva wa bodaboda wa kijiji na rafiki yake wa utotoni. Siku ya kwanza Meshack alipanda Shuka akiwa amembeba mwenyekiti wa kitongoji na mkewe. Watu walikimbia nyuma wakipiga vigelegele.

"Mwenyekiti alifika juu kofia imepotea," anakumbuka Meshack. "Akasema, wewe Zablon una wazimu, lakini wazimu wako uendelee."

Zablon alimwonyesha Meshack kitufe, namna ya kufungua chupa na namna ya kuloweka gunia. Hakumwambia chochote kuhusu jeti. Hakumwambia kwa makusudi.

"Fundi hafundishi kila kitu," anasema, akitazama chini. "Ukifundisha kila kitu, kesho kuna kibanda kingine mbele yako. Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo, nusunusu. Nilikuwa nawaza, hii nikiipeleka Kondoa, nikiipeleka kila penye mlima, nitajenga nyumba. Nikafunga mdomo."

Sasa, bodaboda wa mikoa hii wana desturi moja inayojulikana kwa kila fundi. Petroli ikipanda bei, dereva anachukua uzi mmoja mwembamba wa waya, anaupenyeza kwenye tundu la jeti. Tundu linabaki dogo, petroli inapita kidogo, lita moja inakwenda mbali zaidi. Pikipiki inachoka kidogo, lakini mfuko unapumua. Meshack aliijua desturi hiyo. Aliyemfundisha, miaka mingi nyuma, ni Zablon.

Pikipiki yenye jeti kubwa ilikunywa petroli vibaya. Huko Isusu petroli inauzwa kwenye chupa za maji, na bei yake ni ya mlimani. Meshack alivumilia majuma sita. Juma la saba akafungua kabureta, akapenyeza waya.

"Mimi nilijua nimebana petroli," anasema Meshack. "Sikujua nimebana roho ya mtu. Kama fundi angeniambia Meshack, hiyo jeti usiiguse, ningeigusa ya nini?"

Kwa siku tisa hakuna kilichotokea, kwa sababu hakukuwa na mgonjwa na Meshack hakuthubutu kuchezea gesi ya gharama.

Siku ya kumi ilikuwa Februari, mvua ya usiku imekatika na udongo unateleza. Hana, mwenye miaka 24, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya. Alipandishwa kwenye pikipiki, mama yake akakaa nyuma yake kumshikilia. Kwenye mwinuko Meshack alibonyeza kitufe.

"Ilikwenda vizuri," anasema Hana. "Nikaona tunafika. Halafu nikasikia kama karanga zinakaangwa. Kata-kata-kata. Halafu kimya. Tairi la nyuma likakataa kuzunguka, tukaanguka upande wa bonde."

Pistoni ilikuwa imetoboka. Meshack alikimbia kushuka kuita watu. Wanaume wanne walimbeba Hana kwenye blanketi lililofungwa kwenye miti miwili. Ilichukua saa mbili na dakika arobaini. Katika kituo cha afya wauguzi walisikiliza tumbo, moyo wa mtoto haukusikika. Hana alihamishiwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, akapona. Hatazaa tena.

Nyumbani kwake Isusu, akichambua mboga, Hana anazungumza bila kupandisha sauti. Ana binti wa miaka minne ambaye hamwachi hatua mbili.

"Wanawake wenzangu wananiambia, we Hana, shukuru uko hai. Nashukuru. Lakini waache kuniambia kila siku. Nguo nilizomshonea bado zipo, na hakuna wa kumpa."

Na Zablon?

"Nilimwambia mbele ya watu. Kaka Zablon, ungesema maneno mawili tu kwa Meshack, leo mimi nanyonyesha. Akalia. Nikamwambia, usilie, sema."

Alisema mbele ya mkutano wa kitongoji, majuma matatu baada ya msiba. Wengine walitaka alipe. Wengine walitaka mtambo utupwe korongoni. Mume wa Hana hakutaka chochote, alikaa ukutani ameinamisha kichwa. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Zablon afungue kabureta ya Meshack mezani, mbele ya kila mtu, na aeleze alichokificha.

Alieleza kwa saa nzima. Jeti ilipita mkono kwa mkono, na waya wake ukiwa bado ndani. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya sabini, ambaye hajawahi kupanda pikipiki, aliuliza, "Kwa hiyo, mjukuu wangu, Hana alipandishwa na gesi ya keki?" Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka Hana yuko palepale, wakaacha.

"Bibi nilimpa shikamoo, nikamwambia ndiyo," anasema Zablon. "Niliambiwa nieleze nikaeleza. Lakini unajua nini kiliniumiza? Ilikuwa rahisi. Mtu mzima yeyote alielewa. Kitu nilichokifungia moyoni kama dhahabu, bibi kizee alikielewa kwa saa moja."

Tangu siku hiyo hafungi kazi yoyote bila kueleza. Kibandani kwake Chang'ombe wateja wanachoka naye. Asubuhi moja ya juma lililopita alikuja Amiri, kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na soko, ameshasikia habari za gesi.

"Fundi, nifungie na mimi hiyo keki. Kuna jamaa wa Makutupora anajifanya upepo, nataka nimwachie vumbi."

"Sifungi."

"Nalipa!"

"Hata ukilipa. Toa kwanza jeti yako niione."

"Jeti yangu inahusiana nini na keki?"

"Toa."

Amiri alitoa huku akinung'unika. Ndani kulikuwa na waya. Zablon aliuchomoa kwa koleo, akauweka kiganjani mwa kijana huyo, akamsimulia habari yote ya Hana tangu mwanzo hadi mwisho, wateja wengine wakisubiri. Amiri aliondoka bila gesi na bila utani. Wateja wawili nao walikuwa wameshaondoka.

"Mke wangu anasema, unahubiri hulipwi," anasema Zablon.

Mwalimu mmoja wa ufundi wa magari mjini Dodoma, aliyeomba jina lake lisitajwe, aliutazama mtambo huo na hakuusifia. Alisema chupa ya krimu haikutengenezwa kukaa kwenye pikipiki, kwamba pistoni ya injini ndogo haina akiba ya nguvu, na kwamba mtu mwenye akili asijaribu. "Lakini," aliongeza, "uliza watu wa kule wapite wapi kwingine."

Zablon hambishii. Mtambo mpya una pua ya pili inayopuliza petroli yake yenyewe, ili waya wa mtu yeyote usiweze kuua tena. Ana pistoni mpya ya akiba. Ana daftari ambalo kila mpando wa Ntyuka umeandikwa rangi ya plagi. Hata hivyo anasema wazi kwamba mchanga wa kilo mia na ishirini siyo mwanamke mwenye uchungu. Mchanga haujipindi wala hausogei.

Njia salama ipo, naye anaijua. Erica avuke mlima ashuke Kibakwe majuma matatu kabla, akae karibu na kituo cha afya asubiri. Wahudumu wenyewe wanashauri hivyo. Mchana mmoja kibandani Zablon alimpigia simu, sauti ikasikika hadi kwa wateja.

"Kaka, nikae Kibakwe mwezi mzima kwa nani?"

"Nitakutafutia chumba."

"Na chakula? Na watoto wawili niwaache na nani, na baba yao yuko kwenye vibarua vya zabibu Makutupora? Mahindi yanapandwa mvua ya kwanza, kaka, siyo ya pili. Nikikosa kupanda, nitajifungua salama halafu tufe njaa wote, pamoja na huyo mtoto mchanga."

"Erica."

"Nimeshasikia. Nitapanda pikipiki yako."

Zablon alihamishia simu sikio la pili. Mteja mmoja akakohoa.

"Umesikia? Nitapanda. Ila Meshack haendeshi. Endesha wewe."

"Meshack anaujua mlima kuliko mimi."

"Meshack anaujua mlima, wewe unajua ulichoweka humo ndani. Kama ni kuniua niue wewe mwenyewe, nisije kuambiwa fulani alipenyeza waya, fulani hakuambiwa."

Ndiyo maana sasa Zablon mwenyewe hupanda kilima cha Ntyuka kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Yeye ni fundi. Kwa miaka ishirini amekuwa akitengeneza pikipiki na kuwapa wengine waziendeshe.

Hana amesikia kuhusu mpango huo. Alipoulizwa angemshauri nini Erica, alifikiri kwanza.

"Ningemwambia ashuke Kibakwe mapema, hata kama ni kulala kwenye kibaraza," alisema. "Lakini mimi mwenyewe sikushuka. Nilikuwa na maharage shambani."

Mpango wa Zablon ni kufunga kibanda tarehe kumi na tano Novemba na kwenda Isusu. Atakaa huko mpaka Erica ajifungue, iwe siku tano au siku arobaini. Hajui wateja wake watakuwa kwa nani atakaporudi. Kodi ya kibanda ya miezi miwili ameilipa kwa kuuza mashine yake ya kuchomelea. Mkewe amekubali kwa masharti ambayo Zablon hataki kuyataja gazetini.

Anatumaini uchungu utaanza mchana, siku ambayo haijanyesha. Zaidi ya hapo ameongeza jambo moja. Amezungumza na vijana wanane wa kitongoji, Meshack akiwa wa kwanza, kwamba siku hiyo wasisubiri kijijini. Watatangulia na machela, wanne wakae chini ya mita zile mia nne, wanne wakae katikati, mahali palepale Hana alipoanguka. Pikipiki ikikoroma tu, hata kabla haijazima, wambebe.

Wazee wengine wa Isusu wamemwambia hilo ni balaa, kwamba kuweka machela njiani ni kumwita mgonjwa aanguke. Na vijana wa kijiweni wamemtania kwamba hata yeye haiamini kazi yake.

"Wanasema kweli," anasema Zablon, akifunga tena kiroba cha pili kwa mpando wa ishirini. "Fundi ukiita watu wa machela, umesema mbele ya watu wote kwamba kazi yako inaweza kushindwa. Mwaka jana nisingeliita hata mtoto aje na blanketi. Ningeona aibu. Sasa nimewaita, wote wanane, na nimewaeleza kwa nini."